Namna ya Kumpata Babu Mfaransa Asiye na Kasri

Mtu akigundua kwamba jina la ukoo wake, au la mkwewe, au la nyanya yake aliyetoka Réunion, lina asili ya Kifaransa, kitu cha kwanza anachokitafuta ni kasri. Cha pili ni ngao ya ukoo yenye simba aliyesimama kwa miguu miwili. Cha tatu ni mtu wa kumuuzia vyote viwili, na mtu huyo hakosekani. Mwongozo huu ni wa msomaji ambaye bado hajatoa pesa. Aliyekwisha kutoa naye anakaribishwa, ila aigeuzie ngao yake ukutani kwanza.

Tutashika jina moja tu, Lefebvre. Limeenea Ufaransa nzima na limevuka bahari zaidi ya moja, na hakuna kosa la mtafuta ukoo ambalo jina hili halikulitengenezea nafasi. Ukilimudu hili, mengine utayamudu.

Anza na nyundo

Lefebvre maana yake ni mhunzi. Kilatini kilimwita mfua vyuma faber, Kifaransa cha kale kikalilainisha neno hilo likawa fevre, na watu wa kaskazini wakalitangulizia le. Huo ndio mzizi wote. Hamna vita vya msalaba ndani yake, wala binti wa mfalme, wala farasi mweupe. Kuna mtu aliyesimama mbele ya moto tangu alfajiri, mvukuto ukihema pembeni, na kijiji kizima kikimdai majembe kabla mvua hazijaanza.

Kabla ya karne ya 11, jina la ubatizo lilimtosha Mfaransa. Kisha vijiji vikajaa watu huku majina yakipungua, kwa kuwa kila mzazi alitaka jina la mtakatifu yuleyule. Ukisimama uwanjani ukaita Jean, wanageuka kumi. Mkusanya kodi wa bwana mwenye ardhi alihitaji kujua ni Jean yupi anadaiwa, na padri alihitaji kujua ni Jean yupi anayetaka kuoa. Ndipo zikaja lakabu. Mmoja akaitwa kwa jina la baba yake, na ndiyo maana Martin ndilo jina la ukoo linaloongoza Ufaransa hadi leo. Mwingine akaitwa kwa mahali alipokaa, Dupont wa darajani, Dubois wa msituni. Wa tatu akaitwa kwa umbo lake, Petit mfupi, Leroux mwenye nywele nyekundu. Wa nne akaitwa kwa kazi yake.

Hapa shika jambo moja litakalokuokolea miaka ya kutangatanga. Jina la kazi hushika pale ambapo kazi hiyo inafanywa na mtu mmoja. Katika kijiji ambacho kila mwanamume analima, kumwita mtu mkulima hakumtofautishi na yeyote. Mhunzi, hata hivyo, mara nyingi alikuwa mmoja, na kila mtu aliijua njia ya kwenda kwake. Kwa hiyo kila kijiji kilizaa Lefebvre wake, na hawa hawakuwa na undugu wowote. Anayeuza kitabu kinachosimulia historia ya ukoo wa Lefebvre kutoka kwa babu mmoja anakuuzia hadithi ya mtu ambaye hakuwahi kuwepo. Kwenye karatasi yako kata neno ukoo, andika koo, kisha uendelee.

Wenye jina la Leroy tunawagusa kwa haraka tu, maana wanapenda kusubiri kiti cha enzi. Neno hilo kweli ni mfalme. Aliyepewa lakabu hiyo, kwa kawaida, ni mtu aliyeigiza mfalme katika mchezo wa sikukuu, au aliyeshinda shindano la kulenga shabaha akaitwa mfalme kwa mwaka mmoja, au aliyefanya kazi katika nyumba ya mfalme. Mfalme mwenyewe hakuwa na haja ya jina la ukoo.

Mfuate mhunzi kwenye ramani

Kabla hujafungua daftari lolote, tandaza ramani ya Ufaransa mezani. Neno lilelile la Kilatini lilishuka katika lahaja nyingi, na kila lahaja ikamfua mhunzi wake. Kaskazini, kuanzia Picardie hadi Normandie, ni Lefebvre na Lefèvre. Ukielekea magharibi unakutana na Lefeuvre. Mashariki, katika Franche-Comté na Savoie, ni Faivre na Favre. Limousin, Auvergne na Dauphiné wanasema Faure. Languedoc na Provence wanasema Fabre, na b inatamkwa waziwazi. Kusini aghalabu hakuna ile le ya mbele. Halafu kuna mikoa ambayo watu hawakuzungumza Kifaransa kabisa: Bretagne mhunzi ni Le Goff, na Alsace ni Schmitt.

Ramani hii inamfaidi mtafutaji kuliko ngao yoyote, kwa sababu kabla ya kupiga hatua moja umeshajua pa kuanzia. Mwenye jina la Fabre asipoteze siku zake katika nyaraka za Lille. Ila usiiabudu. Jina linakwambia lilikozaliwa, halikwambii aliyelibeba alizaliwa wapi. François Joseph Lefebvre alizaliwa mwaka 1755 Rouffach, Alsace, katikati ya akina Schmitt. Alijiunga na jeshi akiwa askari wa kawaida, akapanda hadi kuwa marshali wa Napoléon, akauteka mji wa Danzig mwaka 1807 na kupewa cheo cha Duke kwa jina la mji huo. Mkewe, Catherine Hübscher, alikuwa dobi, na hata alipokuwa Duchess aliendelea kusema alivyozoea kusema, bila kumeza neno. Mwaka 1893 Victorien Sardou na Émile Moreau walimwandikia tamthilia, Madame Sans-Gêne. Kama ni lazima umchague mtu maarufu wa kumwonea fahari, mimi nakushauri umchague yule dobi.

Wala usidhani kwamba mwana wa mhunzi alibaki mhunzi. Jina likishaganda, kazi inakwenda zake. Félix Faure, Rais wa Ufaransa kuanzia 1895 hadi alipofariki mwaka 1899, alikuwa mtoto wa fundi samani wa Paris. Jean-Henri Fabre wa Aveyron aliyaishi maisha yake akiwachungulia nyigu na mende wa mavi. Gabriel Fauré wa Pamiers alitunga muziki. Wote ni wahunzi kwa jina, na hakuna aliyejulikana kwa kufua jembe.

Usiitamke b, na usijivunie

Lefebvre hutamkwa kama Lefèvre, b haisikiki. Msomaji mwenye haraka hupenda kuamini kwamba herufi isiyotamkwa ni alama ya utukufu wa kale. Ukweli ni kwamba iliingizwa na makarani. Mwishoni mwa enzi za kati na katika karne ya 16, watu wa kalamu walikuwa na hamu kubwa ya kuonyesha kwamba wanakijua Kilatini, basi wakairudisha b ya faber katika neno ambalo lilishaiacha zamani. Kisha ikaja shida nyingine. Enzi hizo u na v ziliandikwa kwa herufi moja, na wasomaji wa baadaye walipolisoma jina hilo vibaya, ukazaliwa ukoo mpya, Lefébure. Kuna familia zilizoachana kwa jina kwa sababu ya mkia wa herufi.

Ushahidi kwamba wenyewe walijua ni kitu kimoja tunao. Jacques Lefèvre d'Étaples, mwanachuoni aliyetafsiri Biblia nzima kwa Kifaransa ikachapishwa Antwerp mwaka 1530, alipoandika kwa Kilatini alijiita Faber Stapulensis, yaani mhunzi wa Étaples.

Kwa hiyo fanya hivi. Ukimkuta mtoto aliyebatizwa Lefevre, akaoa akiwa Lefebvre na akazikwa akiwa Lefébure, usimgawe watu watatu. Padri aliandika alichosikia, na mwenye jina mara nyingi hakujua kusoma, hivyo hakuwa na cha kupinga. Linganisha wazazi, kijiji, umri na mashahidi. Tahajia iache mwisho kabisa. Ilianza kutulia kwa dhati baada ya mwaka 1877, serikali ilipoanza kuwapa wanandoa kile kitabu kidogo cha familia ambacho jina lililomo ndani yake lilinakiliwa ofisi hadi ofisi.

Na kile kipande cha de, ambacho watu hukidhania alama ya uungwana? Hicho ndicho kinachowavimbisha watu vichwa kuliko vyote. D'Étaples ni mtu wa Étaples, mji wa wavuvi kule Pas-de-Calais, basi. Maelfu ya wakulima wa Ufaransa waliitwa de hivi na de vile kwa sababu walitoka huko, na waungwana wengi wa kweli hawakuwa nacho. Anayetaka kuona jinsi kipande hicho kinavyopatikana amtazame Philippe Fabre, mwigizaji na mwandishi wa Carcassonne aliyezaliwa mwaka 1750. Toulouse kulikuwa na mashindano ya kale ya ushairi ambayo washindi walipewa maua ya fedha na dhahabu. Fabre akatangaza kwamba ameshinda ua la églantine, akalibandika kwenye jina lake, na kuanzia hapo akawa Fabre d'Églantine. Alikatwa kichwa mjini Paris tarehe 5 Aprili 1794, akiwa bado na ua lake jinani. Mtunze kumbukumbuni, tutamhitaji.

Ngao nazo zina historia yake. Novemba 1696 Louis XIV, akiwa vitani na hazina ikiwa imekauka, alitoa amri kwamba kila mwenye ngao aje kuisajili na kulipa, livre 20, fedha ya wakati huo, kwa mtu binafsi. Daftari lililotokana na amri hiyo lilibeba ngao zipatazo 120,000. Waungwana walikuwamo, lakini pia wenye maduka, mafundi, mapadri na vyama vya ufundi. Waliochelewa kuja walibuniwa ngao na makarani, nyingine zikiwa mzaha juu ya jina la mhusika, na ada wakadaiwa vilevile. Kwa hiyo ukionyeshwa ngao ya Lefebvre iliyomo katika daftari hilo, ujue unaonyeshwa risiti ya kodi. Tena ni ya Lefebvre mmoja, na wewe kwake si lolote mpaka karatasi iseme.

Kaa kwenye karatasi

Sasa kazi yenyewe. Rudi nyuma kutoka kwa mtu unayemjua, hatua kwa hatua, na usiruke hata kizazi kimoja. Anayeanza na Marshali Lefebvre kisha akateremka kujitafuta, atajipata tu, maana anayetaka kufika hafiki asikotaka.

Nyaraka zimehifadhiwa katika kila département, yaani jimbo la utawala, na nyingi zimewekwa kwenye intaneti bila malipo. Kwa enzi za baada ya 1792, omba kwanza majedwali ya miaka kumi kumi, yanayopanga majina ya kila mji kwa alfabeti. Yatakupa tarehe, na tarehe itakufikisha kwenye hati yenyewe. Kabla ya hapo utaingia madaftari ya parokia. Amri ya Villers-Cotterêts ya Agosti 1539 iliwataka mapadri waandike ubatizo, ile ya Blois ya mwaka 1579 ikaongeza ndoa na mazishi, na ya mwaka 1667 ikataka nakala mbili. Nakala ya pili ni neema ya Mungu: panya wakila moja, unaisoma nyingine. Paris ilipata balaa la kupoteza zote, kwa sababu moto wa Mei 1871 uliunguza ofisi ya jiji na jumba la mahakama, kila moja ikiwa na nakala yake. Mwenye babu wa Paris kabla ya 1860 ajiandae kwa safari ndefu kupitia karatasi za notari, yaani mwandishi wa hati za kisheria.

Tarehe 20 Septemba 1792 Mapinduzi ya Ufaransa yaliyatoa madaftari mikononi mwa padri yakapewa meya. Muda mfupi baadaye utakutana na hati inayosema mtoto amezaliwa tarehe 12 floréal mwaka wa VI, na hapo watafutaji wengi hufunga kompyuta. Usifunge. Ni tarehe 1 Mei 1798. Kalenda ya Jamhuri ilianza kuhesabiwa Septemba 1792 ikaachwa mwanzoni mwa 1806, na aliyeipa miezi yake majina mazuri ya maua, ukungu na mavuno ni yuleyule Fabre wa ua la kujipa. Tafuta jedwali la kubadilishia tarehe, uendelee.

Sheria ya Agosti 1794 ilikataza raia kutumia jina jingine lolote zaidi ya lililo katika hati yake ya kuzaliwa. Ilimbana kila mtu, na kwa mtafutaji ina tunda moja tamu: mwanamke wa Kifaransa haandikwi kwa jina la mumewe. Katika hati anabaki na jina alilozaliwa nalo, tangu ndoa hadi kaburi. Kwa hiyo mfuate nyanya. Mtu aliyekazana na Lefebvre tu, baba kwa baba, akirudi vizazi vinane ameangalia mzee mmoja kati ya 256. Wengine 255 wana majina mengine, na nusu ya wote ni wanawake ambao makarani waliwatunza vizuri. Leo hata sheria imeanza kulikumbuka hilo. Tangu tarehe 1 Julai 2022 Mfaransa mtu mzima anaweza kuchukua jina la mama yake kwa tamko tu katika ofisi ya meya, mara moja maishani.

Jina likivuka bahari

Québec, akina Lefebvre walipozidi, waliongezewa jina la pembeni kwa neno dit, yaani aitwaye. Ndipo ukapatikana ukoo wa Lefebvre dit Boulanger, mhunzi aitwaye mwoka mikate. Vizazi vilivyofuata vingine vilibaki na mhunzi, vingine na mikate, kwa hiyo tafuta yote mawili. Walioshuka kwenda kwenye viwanda vya New England walikuta makarani waliosikia la fève, haragwe, wakawaandika Bean. New Paltz, katika jimbo la New York, ndugu Simon na Andries LeFevre walikuwa miongoni mwa Wahuguenoti, yaani Waprotestanti wa Kifaransa, 12 waliopewa hati ya ardhi mwaka 1677. Hao jina lao lilitulia.

Upande wetu wa bahari habari ni nzito zaidi, na hapa naomba msomaji apunguze mwendo. Danny Faure, Rais wa Shelisheli kuanzia 2016 hadi 2020, alizaliwa Kilembe, Uganda, mwaka 1962. Jina lake ni la mhunzi wa kusini mwa Ufaransa. Damu ya mtu haisomeki kwenye jina lake, kwa hiyo namtaja kwa ajili ya jina peke yake. Ila katika visiwa hivi swali la jina limefikaje halikwepeki.

Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice aliwekeana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka. Watu hao walikwenda kulima Île de France, ambayo sasa ni Morisi, na Bourbon, ambayo sasa ni Réunion. Waliondoka pwani na majina yao. Huko walipewa jina moja la ubatizo, au la mzaha, basi. Utumwa ulipofutwa Réunion tarehe 20 Desemba 1848, watu zaidi ya 60,000 walihitaji majina ya ukoo kwa mpigo, na makarani wakayatoa: majina ya kubuni, ya miti, ya miungu ya Kigiriki, ya herufi zilizopinduliwa. Kila mmoja aliandikwa katika daftari maalumu.

Mwenye nyanya wa Réunion asianzie Picardie. Aanzie kwenye daftari hilo la 1848. Jina lake la Kifaransa, liwe zuri namna gani, linaweza kuwa na umri wa karani mmoja na asubuhi moja. Atazame palipoandikwa umri, jina la zamani na asili. Akikuta neno Mozambique, asilichukue kama anwani. Wafaransa wa visiwani waliwaita hivyo watu wa pwani yote, hata waliopakiwa Kilwa. Hapo ndipo utafutaji wa jina la Kifaransa unapogeuka kuwa utafutaji wa watu wa kwetu, na huo unastahili muda wako wote.

Ukifika ukutani

Vijiji vingi vya Ufaransa, madaftari yake hayarudi nyuma zaidi ya karne ya 17, na mhunzi wa kwanza aliyeipa familia jina aliishi mamia ya miaka kabla. Humpati. Usimbuni. Ila unaweza kumkaribia kupitia notari, kwa sababu mtu alipokufa na kuacha watoto wadogo, notari alikuja nyumbani akaorodhesha kila kitu na kukitia bei: sufuria, shuka, kuku, kitanda. Omba orodha za mirathi za parokia yako, katika nyaraka za département. Soma ukurasa wa zana za kazi kabla ya ukurasa wa madeni. Ukikuta fuawe, mvukuto, koleo na nyundo, umempata Lefebvre ambaye jina na kazi bado vilikuwa pamoja, jambo ambalo si la kawaida. Nakili bei zote. Mara nyingi fuawe ndiyo iliyokuwa mali kubwa ya nyumba. Na ukikuta mizani ya duka au mashine ya kufumia badala yake, geukia mkataba wa ndoa wa marehemu, utafute jina la baba wa mke na kazi yake, uanze upya kwa upande huo.